Mfadhili Akileta Fedha KRU, Zianze Kulipa Nini?

Ukifuatilia raga ya Kenya, hata kwa kusikiliza redio tu, umeshazoea habari za aina mbili. Moja ni ya ushindi, kama ule wa Singapore mwezi Aprili 2016, Shujaa, timu ya taifa ya wanaume ya raga ya saba kila upande, walipoilaza Fiji 30-7 kwenye fainali. Nyingine ni ya wachezaji kudai marupurupu yao. Shirikisho la Raga Kenya (KRU) limelalamikia ukata kwa miaka mingi. Kila mfadhili mpya anapojitokeza, jezi huzinduliwa, hotuba hutolewa na hundi kubwa kama mlango hushikwa na watu wanne mbele ya kamera. Makala hii inahusu kinachofaa kufanyika wapiga picha wakishaondoka.

Imeandikwa kwa ajili yako wewe mjumbe wa klabu unayepiga kura katika mkutano mkuu wa mwaka, wewe mweka hazina uliyepewa kazi hiyo kwa sababu tu hukuikataa kwa sauti, na wewe mzazi ambaye mwanao anacheza Kakamega, Nakuru au Mombasa. Huhitaji kusomea uhasibu. Ili tuelewane, tuseme mfadhili ameleta shilingi milioni 10. Kiasi hicho ni cha kupigia hesabu tu, na mgawanyo nitakaoutumia ni maoni yangu. Ubadilishe kulingana na hali unayoikuta, lakini mpangilio wa nani atangulie nitautetea.

Fedha hizi ni za nani hasa?

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, soma barua ya mfadhili mpaka mwisho. Kuna fedha zenye masharti, yaani zimetolewa kwa kazi iliyotajwa: kambi ya timu ya taifa ya wanawake, kozi za makocha, mipira ya shule. Hizo huwezi kuzihamisha, hata kwa nia njema na hata kwa wiki moja tu. Kuna zile zisizo na masharti, ambazo shirikisho linaweza kuzielekeza penye uhitaji mkubwa zaidi. Shirikisho la raga duniani, World Rugby, lenye makao yake Dublin, hutoa ruzuku kwa vyama wanachama na hutaka bajeti na taarifa za matumizi. Olympic Solidarity, mfuko wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, husaidia wanamichezo na makocha kupitia kamati ya Olimpiki ya nchi, ambayo kwetu ni NOC-K. Serikali nayo ina taratibu zake. Kampuni inayotaka nembo yake kifuani huja na mkataba wa kibiashara, na huo una mambo mawili ya kutazama haraka: tarehe za malipo, na kipengele kinachoeleza nani anaweza kujitoa, lini.

Katika mfano wetu, mfadhili amesema sehemu moja ya tano, yaani milioni 2, iende kwa raga ya wanawake. Milioni 8 zilizobaki hazina masharti, ila anataka hesabu zilizokaguliwa.

Fungua akaunti ya benki ya peke yake kwa ajili ya fedha hizi. Usizichanganye na za tiketi wala za ada za klabu. Waweke watu watatu wa kutia sahihi, na wawili kati yao lazima wakubaliane ndipo fedha itoke. Anayeidhinisha malipo asiwe yule yule anayeandika vitabu vya hesabu. Haya hayagharimu zaidi ya ada za kawaida za benki, na ndiyo yatakayokuokoa siku mtu atakaposimama mkutanoni kuuliza fedha zilikwenda wapi.

Je, ni halali kulipa madeni kwa fedha za msaada?

Ndiyo, mfadhili akikubali kwa maandishi. Hapa ndipo viongozi wengi huona haya. Wanaogopa kumwambia mfadhili kwamba wachezaji wanadai, kwa hiyo wanapokea fedha za jezi mpya huku fizio, yule tabibu wa misuli na viungo, akiwa hajalipwa miezi minne. Mwambie. Mtu aliyeamua kukupa fedha amekwisha kusikia kwamba una shida. Kitakachomuudhi ni kuisoma kwenye gazeti baada ya nembo yake kushonwa kwenye jezi.

Yaliyotokea Paris mwezi Juni 2018 yanatosha kuwa ushahidi. Wachezaji wa Shujaa waliingia uwanjani wakiwa wameficha nembo ya mdhamini kifuani, wakilalamikia malipo. Mechi zilikuwa zikitazamwa duniani kote, na nembo iliyokuwa imelipiwa ili ionekane haikuonekana. Kwa hiyo mdhamini yeyote mwenye akili angependa kujua kama wavaaji wa jezi yake wamelipwa.

Basi, katika milioni 8, mimi ningetenga nusu kwa madeni. Tuseme wachezaji na makocha wanadai milioni 2.3. Walipwe zote, kwa mara moja, kila mmoja kwa jina na namba yake. Tumia M-Pesa ya malipo ya wengi kwa pamoja au benki, usitumie bahasha. Kiwango cha juu cha muamala mmoja wa M-Pesa ni shilingi 250,000, kinachotosha marupurupu ya mchezaji wa kawaida, na kila malipo huacha ujumbe unaoweza kuonyeshwa mkaguzi. Kumpa meneja wa timu fedha taslimu ili agawe ni kumtafutia lawama hata kama ni mwaminifu.

Linalofuata ni deni la kodi, na hili watu hulipuuza kwa sababu Mamlaka ya Mapato (KRA) haipigi kelele kama wachezaji. Kodi inayokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi, PAYE, inatakiwa kufika KRA isipite tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ikichelewa kuna faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Tuseme deni ni milioni 1.2 na umeliacha lilale miezi sita. Faini ni 60,000 na riba ni 72,000, jumla shilingi 132,000. Sasa linganisha: nauli ya daraja la kawaida kwenye treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500. Kikosi cha raga ya saba kila upande chenye wachezaji 12 na maafisa watatu kikienda mashindano ya Driftwood Sevens huko Mombasa na kurudi kinatumia 45,000. Yaani faini na riba zimekula karibu safari tatu za timu, na hakuna aliyepanda treni. Kama huwezi kulipa deni lote, KRA hukubali ombi la kulipa kwa awamu kupitia iTax. Omba kabla hawajakufuata.

Hapo hapo kuna mtego mwingine. Ukimwajiri katibu kwa mshahara wa 60,000, gharama haiishii 60,000. Mwajiri anaongeza ada ya nyumba ya asilimia 1.5, ambayo ni shilingi 900, pamoja na sehemu yake ya mchango wa NSSF. Na ukimlipa mshauri au mkufunzi mkazi wa Kenya ada ya 24,000 au zaidi kwa mwezi, unatakiwa kumkata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka KRA kwa niaba yake. Bajeti isiyo na vitu hivi ina tundu tangu siku ya kwanza.

Tukishawalipa wachezaji 2.3 na KRA 1.2, katika zile milioni 4 za madeni inabaki nusu milioni. Tuseme hoteli inadai milioni 2. Mpe mwenye hoteli hiyo nusu milioni pamoja na barua yenye tarehe za kulipa salio kutokana na viingilio na ada. Kwa nini hoteli isubiri na mchezaji asisubiri? Kwa sababu biashara ya hoteli ina njia ya kuvumilia deni, lakini kijana wa miaka 22 anayepanga chumba hana. Usimfiche mwenye hoteli. Mpigie simu wewe kabla hajakupigia, kisha umpe barua ile.

Mchezaji akiumia?

Swali hili ningeliweka la kwanza kama wachezaji wasingekuwa tayari wanadai. Raga ni mchezo wa kugongana, na shirikisho lisilo na mpango wa matibabu halifai kuandaa hata mechi ya kirafiki. Nimetenga milioni moja kwa mwaka.

Sharti langu la kwanza ni hili: pasipo gari la wagonjwa na mhudumu wake uwanjani, mechi isianze. Kwa magari hayo ulizia Msalaba Mwekundu, St John, hospitali iliyo karibu au serikali ya kaunti, uchukue bei za maandishi kutoka kwa watoa huduma watatu na kuandikiana mkataba wa msimu mzima badala ya kulipia mechi moja moja. Ukienda na ratiba yote mkononi una nguvu ya kujadiliana bei. Klabu zinazocheza siku moja kwenye uwanja mmoja, kama inavyotokea mara nyingi pale RFUEA kwenye Barabara ya Ngong, zinaweza kuchangia gari moja.

La pili ni mtikisiko wa ubongo, yaani ubongo kutikisika ndani ya fuvu baada ya pigo la kichwa au hata la mwili. Dalili zake ni kama kuyumba, kichefuchefu, kutojua matokeo ya mechi, au kuuliza swali lile lile mara tatu. Si lazima azimie. Mchezaji wa klabu au shule anayeshukiwa kuupata anatolewa mara moja na harudi uwanjani siku hiyo, hata kama yeye mwenyewe anaapa yuko sawa, hata kama ni nusu fainali. Asiachwe peke yake, asiendeshe gari, na daktari amwone. Kurudi mazoezini ni kwa hatua, kwa ruhusa ya daktari. World Rugby ina kozi fupi za mtandaoni kuhusu mtikisiko wa ubongo, usalama wa mchezo na sheria zake. Ni bure, na gharama yake ni bando la simu tu. Sioni sababu ya kocha yeyote wa shule kukosa vyeti hivyo kufikia mwisho wa muhula, na shirikisho linaweza kumrudishia fedha ya bando akionyesha vyeti.

La tatu ni bima. Kila Mkenya anatakiwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na kwa asiye na ajira rasmi mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, sawa na 3,600 kwa mwaka. Kwa wachezaji 40 wa kikosi cha taifa wasio na kazi, wakiwa kwenye kiwango hicho cha chini, shirikisho likiwalipia linatumia 144,000. Hiyo haitoshi peke yake, maana goti la mchezaji linaweza kuhitaji upasuaji na miezi mingi ya mazoezi ya tiba. Kwa hiyo chukua pia bima ya ajali ya kundi kutoka kwa kampuni binafsi, na kabla ya kutia sahihi uliza maswali mawili: je, inagharamia majeraha ya mazoezini au ya mechi pekee? Je, inalipa tiba ya viungo baada ya upasuaji? Bima nyingi za bei nafuu hujificha kwenye majibu ya maswali hayo.

Zinazobaki zinunue machela, kola za shingo, bandeji na barafu. Kinga ya meno kila mchezaji awe na yake. Haiazimwi.

Mbona marefa wanatajwa kabla ya jezi?

Kwa sababu jezi za msimu uliopita zinaweza kufuliwa, lakini mechi bila refa haichezwi. Kenya Cup, ligi ya daraja la juu, hupata macho ya watu. Shida iko chini yake, kwenye mechi za vyuo na za kaunti, ambako refa hutumwa mbali, hulala kwa rafiki, kisha huambiwa fedha yake inashughulikiwa. Akifanyiwa hivyo msimu mmoja, msimu ujao simu yake haipatikani.

Nimeweka milioni 1.2 kwa marefa na makocha. Tukikadiria refa mmoja na wasaidizi wawili, kila mmoja shilingi 2,000 kwa mechi, tunatumia 6,000. Mechi 100 ni 600,000. Malipo yaingie kwenye simu zao siku ile ile ya mechi, kabla ya saa mbili usiku. Kiwango chenyewe mkipange pamoja na chama cha marefa. Ninachosisitizia ni kulipwa siku hiyo. Laki sita nyingine ziende kwenye kozi za makocha, na ziendeshwe Kisumu, Eldoret, Nakuru na Mombasa. Mkufunzi mmoja akisafiri kwenda Kisumu ni nauli ya mtu mmoja, ilhali makocha ishirini wakiletwa Nairobi ni nauli ishirini na vitanda ishirini. Ajabu ni kwamba makocha ndio huletwa Nairobi.

Laki nane ziende shuleni: shule 20, kila moja 40,000, na ziteuliwe zile ambazo hazina raga bado lakini zina mwalimu aliyejitokeza mwenyewe. Mwalimu ndiye kigezo cha kwanza. Uwanja wa kwanza unaweza kuwa wa kandanda. Fedha hizo zinunue mipira, koni za kuweka mipaka na kinga za meno, na zimlipie mwalimu mafunzo. Waanze na T1, aina ya raga iliyobuniwa na World Rugby ambayo haina kukabana kwa nguvu, wavulana na wasichana wakicheza pamoja. Angalia pia kalenda. Michezo ya shule za upili huweka raga ya 15 kila upande muhula wa kwanza na ya saba kila upande muhula wa pili. Fedha zikitoka mwezi Juni, msimu mmoja umeshapita na mwingine unaisha.

Milioni 2 za wanawake zifanye nini?

Lionesses, timu ya taifa ya wanawake, walicheza Olimpiki ya Rio 2016 na ile ya Tokyo, lakini bajeti inapobana timu ya wanawake ndiyo huambiwa isubiri. Kwa kuwa mfadhili wetu ameweka sharti, fedha hizi zisiguswe kwa lolote jingine, hata deni la hoteli.

Usizimalize kwa kambi moja ya timu ya taifa. Kambi ya wiki mbili huisha, wachezaji hurudi vijijini na mitaani kwao wakakaa miezi bila mechi. Nunua ratiba: ligi yenye tarehe zinazojulikana kabla ya msimu, refa aliyelipwa, gari la wagonjwa, na nauli kwa klabu zinazotoka mbali. Halafu waulize wachezaji wenyewe kinachowazuia kufika mazoezini. Mara nyingi jibu si la kiufundi. Mazoezi yanaisha saa moja na nusu jioni na matatu za kwenda mtaani kwao zimeshaanza kuwa hatari kwa msichana aliye peke yake, au uwanja hauna choo wala chumba cha kubadilishia nguo chenye kitasa. Kuyaanza mazoezi saa moja mapema ni bure. Kitasa nacho si bei ya kuitishia mkutano wa bodi.

Na safari za nje?

Katika milioni hizi 10, sijaweka hata senti kwa safari mpya ya nje. Najua shabiki wa Shujaa atanuna. Lakini tiketi za ndege ndizo humeza fedha za vyama vidogo, na safari iliyoandaliwa nusu nusu ni fedheha inayolipiwa. Mwezi Julai 2017 timu ya taifa ya Zimbabwe, Sables, ilikwenda Tunisia na wachezaji wakalala nje barabarani wakipinga hali ya hoteli waliyopangiwa. Picha zilizunguka dunia nzima.

Miaka minane baadaye, Julai 2025, Zimbabwe hao hao waliifunga Namibia 30-28 mjini Kampala na kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2027 nchini Australia, mara yao ya kwanza tangu 1991. Sitadai kwamba fedha peke yake ndizo zilizowafikisha huko. Ila kuna jambo la kujifunza: waliundiwa mfuko wa amana, Sables Trust, unaokusanya fedha za wafadhili kwa ajili ya maandalizi ya timu hiyo. Amana ni fedha zinazoshikwa na watu walioteuliwa kwa ajili ya kazi moja tu. KRU inaweza kufikiria mfuko wa namna hiyo kwa timu zake za taifa, ili fedha za msaada zinazobaki zifanye kazi ya nyumbani.

Safari ya mashindano ya kufuzu ikija, iwe na kanuni: timu haipandi ndege mpaka hoteli, bima, posho na tiketi ya kurudi viwe vimelipwa. Na idadi ya viongozi wanaosafiri isomwe kwa sauti mkutanoni, kwa majina.

Mfadhili akijitoa ghafla?

Huwa wanajitoa. Mwanzoni mwa Januari 2018 kampuni ya kamari ya SportPesa ilisitisha udhamini wake wa michezo nchini baada ya kodi ya michezo ya kubahatisha kupandishwa hadi asilimia 35. Raga, kandanda na ndondi ziliguswa kwa siku moja. Hakuna kiongozi wa raga aliyeweza kuizuia kodi ile, lakini mtu angeweza kuuliza mapema: mshahara wa nani unategemea kampuni hii pekee?

Ndiyo maana ningeweka 800,000 pembeni kama akiba isiyoguswa ila kwa kura ya bodi nzima, na 200,000 za mkaguzi wa hesabu. Usimwajiri mtu wa kudumu kwa fedha za mwaka mmoja. Mpe mkataba unaoisha pamoja na fedha hizo, na umweleze hivyo siku ya kumwajiri. Nchi tajiri nazo huanguka hapa. USA Rugby, iliyoandaa Kombe la Dunia la raga ya saba kila upande mjini San Francisco mwaka 2018, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwezi Machi 2020. Madeni yalikuwa yameibana kabla korona haijakatisha mapato.

Akiba ikue kwa njia ndogo ndogo. Viingilio vyote vya uwanjani vipitie Paybill ya shirikisho, pasiwe na fedha taslimu getini. Kisha linganisha idadi ya watu walioingia na fedha zilizoingia, jioni ile ile.

Nitajuaje kwamba fedha zimetumika vizuri?

Dai ukurasa mmoja kila baada ya miezi mitatu. Uwe na mistari michache: fedha zilizoingia, zilizotumika na kwa kazi gani, zilizobaki, na nani bado anatudai. Ubandikwe kwenye ubao pale RFUEA na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya klabu. Ukisikia kwamba taarifa ni ya siri kwa sababu ya mkataba, kubali kuhusu bei ya mkataba wenyewe kama kipengele hicho kipo kweli, lakini matumizi ya ndani hayana siri.

Manunuzi makubwa yawe na bei za maandishi kutoka kwa wauzaji watatu, na mjumbe mwenye ndugu kati ya wauzaji atoke chumbani wakati wa uamuzi. Mkaguzi wa hesabu awe na leseni ya ICPAK, taasisi ya wahasibu wa umma nchini, ambayo unaweza kuiuliza kama jina lake limo. Asiwe mkwe wa mweka hazina.

Ukiona mambo hayaendi, anza kwa barua ya klabu yako kwa bodi, ukitaja kiasi na tarehe. Uvumi haujibiwi, lakini barua yenye tarakimu ni ngumu kuipuuza. Bodi ikinyamaza, nenda kwa Msajili wa Michezo, ofisi iliyoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Sheria hiyo hiyo iliunda Baraza la Migogoro ya Michezo, linalosikiliza rufaa na mizozo ya mashirika ya michezo. Wizi wenyewe hauhitaji kupita huko. Nenda polisi, na kama ni fedha za serikali, ripoti kwa tume ya kupambana na ufisadi, EACC. Weka nakala ya kila barua.

Fedha zikibaki mwishoni mwa mwaka?

Usikimbilie kuzimaliza kwa semina ya hotelini mwezi Desemba. Mwandikie mfadhili wiki nne kabla ya muda kwisha, umtajie kiasi kilichobaki na sababu, mathalani raundi mbili za ligi ya wanawake kuahirishwa kwa ajili ya mvua, na uombe ruhusa ya kuzitumia kwa kazi ile ile mwaka unaofuata. Ambatisha taarifa ya benki ya akaunti ile ya peke yake. Akikataa, zirudishe kwa benki, upate hati ya kupokelewa, uiweke kwenye faili pamoja na barua ya kwanza ya msaada, kisha mpe mkaguzi faili hilo.